Mama Vipimo Hakubahatisha

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha chochote, Mama Vipimo aliketi mbele ya redio ya upepo, akavuta kanga yake begani, akalisalimia bonde. Hakuwa na haraka. Alianza na Mlimba, akaja Chita, akashuka na mto hadi kivukoni kwetu Ifakara, na kila kituo alitaka kujua msoma kipimo cha maji ameamkaje, mkewe ameamkaje, na yule mtoto aliyekuwa na homa juzi kama ameanza kula. Betri za vituo vile zilichajiwa kwa jua, na asubuhi za masika jua lenyewe huwa la kuomba. Mimi nilikaa nyuma yake nikiwaza umeme unavyoteketea kwa shikamoo na marahaba, mpaka siku moja nikashindwa kunyamaza.

"Mama, tungechukua namba kwanza," nikasema. "Salamu zingefuata, betri ikibaki."

Hakugeuka. "Namba ya mtu usiyejua ameamkaje," akasema, "utajuaje kama ameisoma au ameiota?"

Halafu akabonyeza kitufe. "Chita, Chita, Ifakara hapa. Umeamkaje, baba?"

Alikuwa mkuu wa chumba cha kompyuta katika ofisi ya vipimo vya mto, miaka ya tisini ikielekea kwisha. Kabla ya hapo alikuwa amefundisha hesabu sekondari kwa muda mrefu, na ile tabia ya kusimama nyuma ya mtu anayefanya kazi haikumtoka. Jina lake lilikuwa limeandikwa mlangoni, lakini wasoma kipimo wa vijijini walimwita Mama Vipimo, na jina lao likashinda la mlangoni. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu, msichana wa kuwaza jambo moja mpaka linachanika. Yeye ndiye aliyekuja kunipokea kituo cha reli, akaniuliza kama nimekula kabla hajaniuliza kama kazi ninaijua.

Niseme mapema lililokuwa likimpata, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Mama Vipimo alikuwa anapoteza kumbukumbu. Alilijua jambo hilo kabla yetu sote. Kazi aliyonipa, ambayo mimi niliiona ni ya kompyuta kama nyingine yoyote, kwake ilikuwa mbio: kutoa kichwani mwake kila kitu ambacho watu wa bondeni walikitegemea, kabla hakijapotelea humo ndani.

Na kilikuwa kichwa cha ajabu. Sijapata kumwona akiandika anachokwenda kununua sokoni. Watoto wa wasoma kipimo aliwajua kwa majina na kwa mpangilio wa kuzaliwa. Chai ya ofisi aliipika mwenyewe, ya mchaichai, na hakuna aliyeruhusiwa kushika kijiko cha sukari. Aliijua sukari ya kila mtu. Mhasibu vijiko vitatu, dereva vinne, mimi sina. "Tunakaa jirani na mashamba ya miwa," alisema dereva akiinua kikombe, "halafu tunapimiwa kama wagonjwa." Mama Vipimo akamjibu kwamba akitaka kijiko cha tano aende akatafune muwa shambani, huko hakuna wa kumpimia.

Mtu huyo huyo aliyeweka sukari bila kuuliza ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote inapofika kwenye maji. Kwenye maji, kukisia kulikuwa dhambi. Alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa ya kwanza, lakini mwezi wa Ramadhani sufuria ya chai ilihamia nyuma ya jengo kwa ajili ya mtunza ghala wetu, na ole wake aliyepita mbele ya ghala na kikombe. Hakupenda kukosolewa mapishi. Ukimkosoa hesabu alikupa mkono. Aliogopa radi kama mtoto. Radi ikipiga alizima seva kwa heshima zote, akavua saa ya mkononi, akakaa katikati ya chumba mikono mapajani mpaka ipite.

Disketi alinunua kwa mwenye duka mmoja wa asili ya pwani, karibu na soko, mzee wa kofia safi aliyeuza pia tochi, kanga na dawa za panya.

"Bi Mkubwa, hizi mpya kabisa, hazijaguswa."

"Mpya kwako. Nipe mbili, moja ikifa nyingine irithi."

"Na mimi nikifa duka atarithi nani?"

"Panya," akasema Mama Vipimo, na mzee akacheka hadi akashika meza.

Seva yetu ilikuwa kompyuta moja ya tumbo kubwa, imewekwa katika chumba pekee chenye kiyoyozi, ndiyo sababu wageni wengi walipenda kuja kuulizia habari za mto saa za joto. Programu iliyokuwa ndani yake iliandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Java na mtaalamu wa mkataba aliyekwisha kuondoka. Ilipokea kina cha maji kutoka kila kituo, ikakadiria maji hayo yatafika lini kituo cha chini, na yakivuka kiwango cha tahadhari cha mahali fulani, ikatoa onyo. Onyo hilo sisi tulilisoma redioni, na ofisi nyingine zenye kompyuta zililiona kwenye skrini zao. Shida ni kwamba yule mtaalamu aliviandika viwango vyote ndani ya programu yenyewe, kama tofali lililokwisha kujengewa ukutani. Kubadilisha namba moja ya Chita ilibidi niifungue programu, niiguse, niijenge upya yote, kisha nikae na wasiwasi wiki nzima kwamba nimegusa na kingine.

Na namba zile zilikuwa za kubadilika. Mtaalamu alidhani kiwango cha tahadhari ni mali ya mto. "Hiyo namba si ya mto," Mama Vipimo aliniambia. "Ni ya watu." Msimu wa kilimo ukifika, watu wa bondeni huhama kijijini wakaenda kuishi mashambani, kule mbugani karibu na maji, kwenye madungu yaliyoinuliwa juu ya nguzo, pamoja na watoto, kuku na mbegu. Wakati huo maji ya mita mbili na nusu tayari ni hatari, kwa sababu wanahitaji muda wa kutoka. Mpunga ukishaingia nyumbani, mto unaweza kufika mita tatu na watu wakaendelea kukaanga perege wao. Mto ni ule ule. Waliohama ni watu.

Basi tukazitoa namba nje ya programu. Tuliandika faili dogo la mistari: jina la kitu, alama ya sawasawa, thamani yake. Kiwango cha Chita, sawasawa, hiki. Saa za maji kutoka Mlimba, sawasawa, hizi. Programu ikabaki haijui kitu. Wakati wa kuiwasha, katika amri ile ile ya kuiwasha, tunaiambia faili lilipo. Inalisoma, kila sehemu inapewa namba yake, ndipo inaanza kazi. Ukiizima inasahau yote. Ukiiwasha unaiambia upya. Tulikuwa na kompyuta ya pili Mlimba, na programu tuliyoipeleka huko haikutofautiana na yetu hata herufi. Lililotofautiana ni faili, ambalo lilisafiri kwa treni ndani ya disketi, kwenye mkoba wa Mama Vipimo, limefungwa kwenye leso kama hela ya sadaka.

Kazi hiyo ya kuipa programu namba zake aliiita kuchoma sindano.

"Mtoto keshachomwa?" aliuliza akiingia asubuhi.

"Bado, Mama."

"Mchome basi, alie, aanze kazi."

Nilipokuwa naanza kuzitoa namba, niliganda. Sikujua kipi kitoke na kipi kibaki. Kila nilichokitazama niliona kinaweza kubadilika siku moja, na nikikitoa chote, ndani kutabaki nini? Nilikaa na swali hilo siku nyingi, sili vizuri, mpaka akanikuta nimeshika kichwa. Akavuta kiti.

"Mtu wa Chita anaweza kukigombania?" akauliza.

"Kipi, Mama?"

"Hicho unachokitazama. Kama mtu wa Chita anaweza kusimama mbele yako akasema, hapana, kwetu si hivyo, kitoe nje. Kama hawezi kukigombania, mfano kujumlisha, kiache ndani. Kula."

Ni kanuni ninayoitumia hadi leo, na sijakutana na mtu aliyeniambia iliyo bora.

Mara ya pili nilipogombezwa sikuwa nimeganda, nilijiona mjanja. Nilikuwa nimeweka ndani ya programu namba za akiba. Kama jina fulani halikuonekana kwenye faili, programu ichukue namba ya kawaida niliyoiweka mimi, iendelee. Ndivyo tulivyozoea chuoni, tuliona ni uungwana. Mama Vipimo aliliona hilo akiwa amesimama nyuma yangu.

"Hii ya nini?"

"Ya dharura, Mama. Bila hiyo, mstari mmoja ukikosekana programu itagoma kuwaka."

"Igome."

"Lakini Mama, watu wakikuta haijawaka?"

"Watauliza. Wataniita, wataniamsha, watanitukana. Ikiwaka na namba ya uongo, nani atauliza?" Akaunyooshea kidole ule mstari wangu. "Bora isiwake, mwanangu. Kuambiwa si aibu. Aibu ni kubahatisha."

Nikazifuta zote. Ikagoma kweli, tena siku ya wageni. Asubuhi hiyo ilikataa kuwaka, ikalalamika kwamba thamani ya Chita si namba. Nilitazama faili, namba ilikuwepo, nzuri kabisa. Wageni walisimama kwenye ubaridi wa kiyoyozi wakijifanya hawaoni. Nilihisi jasho katika chumba pekee cha Ifakara ambacho hakikuwa na sababu ya jasho. Kumbe mwisho wa mstari, baada ya namba, nilikuwa nimeacha nafasi tupu kwa kidole kilichoteleza, na Java huichukua nafasi hiyo kama sehemu ya thamani. Mama Vipimo alipoelewa aliwageukia wageni akiwa amefurahi kabisa. "Mmeona?" akawaambia. "Imekataa hata kitu kisichoonekana. Hiyo ndiyo mashine ninayoitaka."

Ukali huo ulianzia Chita, na ilikuwa kabla ya faili, wakati namba zingali ndani ya programu. Siku hizo kila msimu ulipogeuka, Mama Vipimo alinitajia viwango vipya kutoka kichwani mwake, mimi nikaviandika na kuijenga programu upya, kisha yeye akavisoma redioni ili kila kituo kikubali. Msoma kipimo wa Chita alikuwa kijana aliyeitwa Fidelis, mwenye sauti ya upole na mke mja mzito. Mwanzo wa masika yale, watu wakiwa wamekwisha kuhamia mbugani, nilimsikia Mama Vipimo akisema, "Chita, nakuwekea mita tatu. Sawa, baba?"

Fidelis akajikohoza. Halafu, "Ndiyo, Mama."

Mita tatu ilikuwa namba ya baada ya mavuno. Maji yalipanda, yakafika mita mbili na nusu, yakapita, yakaingia mashambani, na programu ikanyamaza kwa sababu iliambiwa inyamaze. Watu walitoka wakiwa na maji kiunoni, watoto mabegani. Hakufa mtu. Lakini mbegu zilikwenda, miche ikalala chini ya tope, na madungu mawili yakabebwa mazimamazima. Moja lilikuwa la mama yake Fidelis. Mwaka ule nyumba nyingi za kule zilikula mara moja kwa siku.

Mama Vipimo alipanda treni kwenda huko, akanichukua. Alikaa kwenye mkeka kati ya watu, akawasalimia mmoja mmoja. Bibi mmoja akamwuliza bila kupandisha sauti, "Imekosea mashine au umekosea wewe?"

"Ni mimi," akasema. "Mashine haijui kitu mpaka iambiwe. Niliiambia vibaya."

Fidelis alikuwa amekaa pembeni akikwangua tope kwenye kisigino. "Mama, mimi niliona si sawa," akasema. "Mita tatu kwa wakati ule, hapana. Niliona kabisa."

"Sasa mbona ulisema ndiyo?"

"Ulishasema wewe, Mama. Mimi nani niseme hapana? Nikajua labda mashine imeona kitu."

Hakuna aliyecheka. Kila mtu pale, nami pia, angesema ndiyo. Mkubwa akishasema sawa, wewe unasema sawa. Ndivyo tulivyolelewa, na malezi hayo ndiyo yaliyoingiza maji shambani.

Treni ya kurudi ilichelewa. Tulikaa kwenye benchi la kituo, jioni haijaingia, na wachuuzi wa ndizi walikuwa wameshatuzoea. Nilianza kumfariji. Nikamwambia kila mtu husahau.

"Sikusahau," akasema. "Mtu aliyesahau anajua kuna pengo. Anasita, anauliza. Mimi ile mita tatu niliiona kichwani wazi kama ninavyokuona wewe. Haikuja na shaka hata kidogo." Akatazama reli. "Na si mara ya kwanza, Resti. Kuna siku niliamka nikamwandalia marehemu mume wangu maji ya kuoga. Kwa hiyo tutafanya hivi. Usichukue tena namba yoyote kutoka kwangu. Hata nikiapa. Itoe nje, iwekwe mahali wenyewe wanaweza kuiona na kuibadilisha. Nataka ifike siku mashine iwake bila kuniuliza kitu."

"Mama, hiyo siku bado mbali."

"Unajua, au unabahatisha?"

Ndipo ilipoanza ile kazi yote niliyoieleza, faili, sindano, namba za akiba zilizofutwa. Na redioni akabadilisha utaratibu. Hakutaja tena namba ya mtu. Baada ya salamu alisema, "Chita, niambie wewe kwako ni ngapi," akanyamaza hata kama kimya kilirefuka, mpaka mwenye mahali aseme. Yule wa chini akasema kwanza, mkubwa akafuata. Kisha yeye akairudia namba neno kwa neno, akamalizia, "Nimepokea." Mwanzoni vijana wale waliona haya. Fidelis alijikohoza kila alipoitwa. Baada ya msimu mmoja walikuwa wakibishana naye, na yeye akitoka redioni anachekacheka peke yake. "Umemsikia yule mtoto? Ameniambia nisimharakishe. Mimi."

Nilidhani tumeshinda. Kila wiki kulikuwa na kitu kimoja zaidi nje na kimoja pungufu kichwani mwake, na hesabu hiyo niliifurahia bila kuona upande wake wa pili, kwamba kule kichwani nako kulikuwa kunapungua bila msaada wetu.

Siku moja kikombe changu kilikuja na sukari, vijiko vitatu kwa ladha yake, kama cha mhasibu. Nilikunywa chote. Kesho yake tena. Wiki iliyofuata alisimama mbele ya meza yangu na birika mkononi, akaniuliza, kwa ile sauti yake ya redioni, "Niambie wewe. Unaweka sukari?"

"Siweki, Mama."

"Huweki. Nimepokea."

Akaenda kwa mhasibu, akamwuliza. Akamwuliza dereva. Kila asubuhi kuanzia siku ile, meza kwa meza. Mhasibu alinong'ona kwamba Mama siku hizi hatujali. Mimi nilijifungia stoo nikalia, kwa sababu nilielewa anachofanya. Alikuwa amekosa uhakika na sukari zetu, na hakutaka kuwasha na namba ya uongo.

Asubuhi yake ya mwisho kazini alivaa gauni la kanisani. Hakukaa mbele ya redio. Alinikalisha mimi, akasimama nyuma yangu. Nikasalimia bonde kwa ukamilifu, hata betri zikalalamika. Mlimba wakasema ya kwao, Chita wakasema ya kwao, kivukoni wakasema. Nikaweka kwenye faili, nikaandika amri ya kuwasha, nikabonyeza. Mistari ikapita kwenye skrini, kila sehemu ikapokea yake, programu ikawaka.

Alisubiri kidogo kana kwamba kuna swali litatokea.

"Haikuniuliza," akasema.

"Haikukuuliza, Mama."

"Hata kitu kimoja." Alivua miwani akaifuta kwa upindo wa gauni, muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji. "Vizuri sana. Ndivyo nilivyotaka."

Binti yake Sabina, anayeuza ndizi kando ya barabara, kijijini Sanje, alikuja kumchukua. Mimi nilihamishiwa Dar es Salaam baadaye, na nikawa mtu wa kutuma salamu kwa wapitao njia. Nilijiambia nitakwenda likizo. Nilipokwenda hatimaye, nilisafiri nimebeba mkononi kilo ya sukari ambayo nusu ya safari niliona ni zawadi nzuri na nusu nyingine niliona ni ukatili.

Nilimkuta amekaa barazani, amepungua, kanga ile ile begani. Nyuma ya nyumba milima ilikuwa imeinuka na wingu lake, na mbele, barabarani, malori ya miwa yalipita yakitikisa mikungu ya Sabina kwenye meza yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Akanitazama kwa adabu. Nikasubiri. Sabina naye akasubiri, kisha akainama sikioni mwake, ingawa alisema kwa sauti niliyoisikia. "Mama, huyu si Resti wa ofisini? Umemtaja mara ngapi. Sema basi unamkumbuka, ametoka mbali."

Mimi nilitaka aseme. Nakiri nilitaka hata kama si kweli. Angetikisa kichwa tu, angesema eeh, Resti, na mimi ningerudi Dar nikaishi na neno hilo.

Mama Vipimo alinitazama tena, taratibu, kuanzia nywele hadi viatu, kama anayesoma ubao wa kipimo kwenye maji yenye tope.

"Simfahamu," akasema. "Nisibahatishe."

Sabina akaona haya, akaingia ndani kunitafutia kiti, ingawa tayari nilikuwa nimekalia kimoja. Mimi nikabaki na kilo yangu ya sukari mapajani. Lori likapita, na lingine. Sijui ni nini kilichonifanya nifanye nilichofanya. Labda sikujua njia nyingine ya kuongea na yule mtu. Nikaketi wima.

"Sanje, Sanje, Ifakara hapa," nikasema. "Shikamoo, Mama."

Kichwa chake kikainuka. Kidole gumba kikabonyeza kitu kisichokuwepo. "Ifakara, Sanje hapa. Marahaba. Endelea."

"Jina langu ni Restituta."

"Jina, Restituta. Nimepokea."

"Nilifanya kazi na wewe. Chumba cha kompyuta."

"Ulifanya kazi na mimi. Chumba cha kompyuta. Nimepokea."

"Sinywi chai ya sukari."

"Huweki sukari," akasema, kwa neno lake mwenyewe. "Nimepokea."

Nikainama, nikaweka kilo ya sukari sakafuni. Yeye akangoja kama alivyokuwa akiwangoja wale vijana, bila kunisukuma. Halafu akainama mbele kidogo, na usoni mwake kukaingia ule wasiwasi wa masika.

"Ifakara, maji ya Chita yakoje?"

Nilikuwa sijaugusa mto ule kwa muda mrefu. Nilimtazama, mzee wa watu, ameshika kiti chake, anasubiri, na neno salama lilikuwa limeshafika mdomoni mwangu. Lingemtuliza. Hakuna ambaye angedhurika, hakuna dungu ambalo lingebebwa.

"Sijui, Mama," nikasema. "Sijaambiwa."

Akaegemea nyuma. Mabega yakashuka. Sabina alikuwa amerudi mlangoni na kiti cha pili mikononi, na Mama Vipimo akamgeukia, akaninyooshea kidole.

"Huyu," akasema, "ni wa ofisini kwangu."

"Ndiyo, Mama. Anaitwa nani?"

Akatafuta. Nilimwona akitafuta, hakuona, na hakuokota lolote lililokuwa karibu.

"Jina limeshapotea," akasema. "Lakini ni wa kwangu huyu."

Sabina akaweka kiti chini, akaenda barabarani ambako mteja alikuwa anagusa ndizi. Tukakaa. Wingu likashuka mlimani. Lori moja refu la miwa likapita, likadondosha mashina mawili, na watoto wakayakimbilia, na tulipomaliza kuwatazama, Mama Vipimo alinigeukia na uso mchangamfu, mpole, wa mwenyeji anayempokea mgeni.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Umetokea wapi?"

Nikavuta kiti changu karibu na chake.

"Shikamoo, Mama," nikasema, nikaanza upya.